Ceska Kiunoni, Sumu Podoni

Ukihudhuria kesi za jinai katika mahakama ya Kitui, au ile ya Makueni pale Wote, kuna jina ambalo siku moja litakupitia sikioni: Ceska. Mpelelezi hulitaja anaposoma ripoti yake. Mtaalamu wa silaha aliyefunga safari kutoka maabara ya idara ya upelelezi wa jinai, DCI, jijini Nairobi hulirudia anapoeleza maganda ya risasi aliyopelekewa ayachunguze. Magazetini nako ni hivyo hivyo. Askari ameporwa Ceska, mshukiwa amenaswa na Ceska, mfanyabiashara ametoa Ceska kwenye ugomvi wa baa. Jina limezoeleka hata watu wengi hawalitofautishi na neno bastola lenyewe.

Tumeijua kwa mabaya yake tu. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza ilibuniwa na nani, kwa nini ina umbo lile, na ni hofu gani zilizomsumbua aliyeichora. Nadhani watu wa Kitui na Makueni wana haki ya kuuliza kuliko wengi, kwa kuwa nchi yao ya Ukambani ilikuwa na mafundi wake wa silaha zamani sana kabla bastola ya kwanza haijavuka Mto Athi. Mafundi hao walikwisha kuyajibu maswali mawili ambayo hakuna mbunifu wa silaha anayeweza kuyakwepa. Silaha itamlindaje yule anayeibeba? Na ikishatumika, itajulikanaje kuwa ni ya nani?

Chukua mshale wa mwindaji wa Kikamba. Majirani wa upande wa Tsavo, Waliangulu, walivuta nyuta nzito ajabu zilizoweza kuuzamisha mshale ndani ya mwili wa ndovu. Uta wa Mkamba ulikuwa mwepesi zaidi, na nguvu yake ilikuwa katika ivai, sumu itokanayo na mti ambao wataalamu wa mimea wanauita Acokanthera. Ndani ya mti huo mna kemikali iitwayo ouabain, ambayo Mfaransa Arnaud aliitenga mwaka 1888. Kemikali hiyo huvuruga mapigo ya moyo, na kwa vipimo vidogo sana madaktari wa Ulaya waliwahi kuwapa wagonjwa wa moyo kama dawa.

Sumu inayomwangusha ndovu haimchagui mtu. Mwindaji alikimbia vichakani, aliteleza kwenye miamba, alilala na podo kando yake, alirudi nyumbani penye watoto. Kwa hiyo sehemu ya mshale iliyopakwa sumu ilizungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi laini. Ukanda ule uliizuia sumu isikauke kwa jua na upepo, na papo hapo uliizuia ncha isimkwaruze mwenyewe. Haukufunguliwa mpaka mnyama awe karibu kulengwa. Kichwa cha mshale nacho kilishikizwa kwa namna ya kuchomoka: mnyama akitimka, mti wa mshale ulianguka ukaokotwa, ncha ikabaki mwilini ikifanya kazi yake. Na mshale ulikuwa na alama ya mwenyewe, jamaa wa zile alama za ukoo zinazochomwa kwenye ngozi ya ng'ombe na kutiwa kwenye mizinga ya nyuki. Mnyama akifia mbali na pale alipopigwa, alama ndiyo iliyoamua pembe ni za nani. Mswidi Gerhard Lindblom, aliyeishi Ukambani miaka michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliandika kitabu kizima kuhusu maisha hayo. Ni kitabu kinachostahili kuwekwa katika maktaba zetu za kaunti, si vyuo vikuu peke yake.

Mbele ya ufundi kama huo, bunduki zilizofika Kitui mwanzoni hazikuwa kitu cha kutisha sana. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alikuja kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu, mwaka 1849, na tarehe 3 Desemba akauona Mlima Kenya akiwa katika nchi ya Kitui. Alirudi mwaka 1851. Mwezi wa Agosti msafara wao ulishambuliwa karibu na Mto Tana, Kivoi akauawa, Krapf akatoroka peke yake porini. Kiu ilimtesa mpaka akafika mtoni. Alipokwisha kunywa, alihitaji chombo cha kubebea maji ya safari, na hakuwa nacho. Basi akayajaza maji ndani ya mitutu ya bunduki yake na kuiziba kwa nyasi na vipande vya nguo. Bunduki ya siku hizo ilishindiliwa baruti na risasi kupitia mdomoni, na kila mtutu ulitoa mlio mmoja tu kabla ya kushindiliwa upya. Katika muda huo mwenye uta alikuwa amekwisha kutupa mishale kadhaa.

Mizani ilipinduka pale baruti, fataki na risasi vilipofungwa pamoja ndani ya ganda moja la shaba, na pale watu walipogundua kwamba lile teke la bunduki, ambalo kila mpigaji aliliona kama adha ya bega, linaweza kupewa kazi. Hiram Maxim alilitumia mwaka 1884 katika bombomu yake. Miaka kumi baadaye wabunifu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakijaribu kuliingiza katika silaha ya mkono mmoja. Mwaka 1902 Mwaustria Georg Luger alitoa risasi yenye kipenyo cha milimita 9 na ganda la urefu wa milimita 19. Risasi hiyo haijang'oka hadi leo. Ndiyo inayotumiwa na bastola nyingi za polisi duniani, na ni miongoni mwa zinazotengenezwa katika kiwanda cha serikali cha Eldoret, kilichojengwa miaka ya 1990 kwa mitambo ya kampuni ya FN ya Ubelgiji. John Browning, Mmarekani, alifariki mwaka 1926 huko Liège akiwa kazini juu ya bastola ambayo Mbelgiji Dieudonné Saive aliikamilisha na kuitoa mwaka 1935. Ilibeba risasi 13 ndani ya mpini, jambo ambalo halikuwa la kawaida, na iliingia katika majeshi mengi ya iliyokuwa himaya ya Uingereza.

Huku kwetu, katika miaka hiyo ya ukoloni, bastola ilikuwa cheo kabla haijawa silaha. Vijana wa Kikamba waliingia jeshi la kikoloni la KAR na polisi kwa wingi hata Waingereza wakawaita watu waliozaliwa kwa vita, sifa ambayo ilikuwa pia mtego. Lakini askari huyo alipewa bunduki ndefu. Rivolva ya Webley au ya Enfield, ile ya gurudumu la risasi sita, ilikaa kiunoni mwa afisa, na afisa alikuwa Mzungu. Ni karibu na uhuru tu ndipo Waafrika walipovalishwa vyeo kamili, mmoja wao akiwa Jackson Mulinge wa Machakos, aliyekuja kuwa Mkuu wa Majeshi ya Kenya kuanzia 1978 hadi 1986. Wazee wengi wa Ukambani waliotumikia jeshi wanakumbuka bastola kama kitu kilichopigiwa saluti.

Ceska yenyewe ilitoka mahali ambapo hakuna aliyepatarajia. Uherský Brod ni mji mdogo wa Moravia, katika nchi iliyokuwa Chekoslovakia, na kiwanda cha Česká zbrojovka kilijengwa pale mwaka 1936. Kwa wawindaji wa kulipwa na walinzi wa wanyama wa Afrika Mashariki, kazi ya kiwanda hicho ilijulikana kabla ya bastola: bunduki za ZKK za akina Koucký, Josef na nduguye František, ziliaminika mbele ya nyati na ndovu. Mwaka 1969 František alikuwa amestaafu kiwanda kilipomwomba arudi abuni bastola ya milimita 9. Safari hii hakufungwa mikono na kamati yoyote. Aliachiwa kuanza na karatasi tupu. Mwaka 1975 bastola ikaonyeshwa, na mwaka huo ndio uliobaki katika jina lake, CZ 75.

Kulikuwa na jambo la ajabu katika ubunifu huo. Chekoslovakia ilikuwa upande wa Urusi, na majeshi ya upande huo hayakutumia risasi ya Luger. Bastola bora ya nchi ilichorwa kwa ajili ya kuuzwa nje, si kwa askari wake. Juu ya hapo, serikali ilizifanya hataza za Koucký kuwa siri. Nchini hakuna aliyeruhusiwa kujua zipo, na nje ya nchi kiwanda kilikatazwa kuzisajili. Matokeo yake yalikuwa kwamba yeyote duniani angeweza kuiga bila kulipa, na waliiga. Tanfoglio wa Italia walitengeneza za kwao, na kutokana na kazi yao Waisraeli wakatoa Jericho mwaka 1990, jina jingine ambalo msomaji wa habari za polisi Kenya analijua vizuri. Mzee Koucký alifariki mwaka 1994. Binafsi naona ni dhuluma kubwa kwa fundi, kunyang'anywa alama ya kazi yake na serikali yake mwenyewe.

Ubunifu wake uko wapi hasa? Ukiitazama kwa haraka utasema ni chuma tu, karibu kilo moja kabla ya kutiwa risasi, urefu kama sentimita 20. Tofauti iko kwenye reli. Kila bastola ya aina hii ina sehemu ya juu inayoteleza nyuma na mbele, ambayo polisi huiita slaidi, na sehemu ya chini yenye mpini, yaani fremu. Katika nyingi, slaidi huikumbatia fremu kwa nje. Koucký aligeuza mambo, akiiga wazo lililokuwa katika bastola ya Uswisi ya SIG P210: slaidi inapita ndani ya fremu na kushikwa nayo kwa mapana. Slaidi ikashuka, ikakaa chini karibu na mkono, mtikiso ukapungua, na shabaha ikatulia. Kisha akauchonga mpini kwa uangalifu ambao wabunifu wengi hawakuupa nafasi wakati ule. Mwenye kiganja kikubwa na mwenye kiganja kidogo wote huushika bila kuhangaika, ingawa mpini huo umebeba risasi 15 katika safu mbili.

Ndani mna dansi fupi sana. Risasi inapolipuka, mtutu na slaidi vimefungamana kwa mbavu na mifereji, na hurudi nyuma pamoja kwa milimita chache. Muda huo mdogo ndio usalama wenyewe, maana risasi hupata kutoka mdomoni na mgandamizo wa moto hushuka kabla chochote hakijafunguka usoni pa mpigaji. Halafu mkia wa mtutu huteremka, mbavu hutoka kwenye mifereji, slaidi huendelea peke yake ikiling'oa ganda na kulitupa upande wa kulia. Njiani huikoki nyundo. Springi huirudisha slaidi mbele, ikisukuma risasi nyingine kutoka kwenye magazini. Kisha yote husimama. Hiyo ndiyo maana ya nusu otomatiki: mashine hujiandaa yenyewe, lakini haipigi tena mpaka kidole kiamue tena.

Hapo kwenye kidole ndipo ubunifu wa bastola ya kazi unapokuwa mgumu, kwa sababu kidole cha askari si cha mwanamichezo. Ni kidole cha mtu aliyekimbia, mwenye hofu, gizani, pengine ametoka zamu mbili mfululizo. Koucký alichagua njia hii: nyundo ikiwa imelala, mvuto wa kwanza wa kifyatulio ni mrefu na mzito, kwani ni mvuto huo unaoinua nyundo. Mivuto inayofuata ni mifupi na mepesi. Uzito wa kwanza ni onyo kwa mkono. Lakini onyo hilo lina gharama, kwani mkono unatakiwa uzoee mivuto miwili isiyofanana, na asiyefanya mazoezi hupoteza risasi ya kwanza au huachia ya pili bila kukusudia. Toleo la awali halikuwa na kitu cha kuishusha nyundo kwa usalama risasi ikiwa chemba. Askari alilazimika kuishusha kwa kidole gumba huku akivuta kifyatulio, kitendo ambacho kosa moja ndani yake ni mlio. Kiwanda kikaja na toleo lenye kishushio. Miaka ya 1990 likaja toleo la B, lenye kizuizi kinachoishikilia pini ya kupigia mpaka kifyatulio kivutwe mpaka mwisho, ili bastola ikianguka sakafuni isijilipukie.

Mhandisi Gaston Glock wa Austria alikuwa amekwenda njia nyingine. Bastola yake, iliyokubaliwa na jeshi la nchi yake mwaka 1982, ilikuwa na fremu ya plastiki ngumu, risasi 17, haikuwa na nyundo ya nje wala swichi ya usalama ya kubonyezwa na kidole gumba. Vizuizi vyake vitatu hufunguka vyenyewe kidole kinapovuta, na hujifunga kidole kinapoachia, na kila mvuto unafanana na uliotangulia. Bila risasi haifiki gramu 700, na askari anayeibeba kutwa nzima hushukuru. Wapo wanaosema Glock ndiyo salama zaidi. Mimi nasita. Bastola isiyo na swichi inamwamini mbebaji kwamba kidole chake kitakaa nje ya kifyatulio hadi dakika ya mwisho, na imani hiyo haichongwi kiwandani, hujengwa kwenye uwanja wa shabaha. Ukanda wa ngozi juu ya ivai ulikuwa na faida moja: ilibidi uufungue kwa makusudi.

Na swali la pili, la alama? Hapa chuma kimeupita mshale kwa mbali. Bastola ina namba iliyochapwa kiwandani, na kuna ushahidi ambao mwenyewe hakuukusudia. Mifereji ya ndani ya mtutu, inayoizungusha risasi ili isiyumbe, huikwaruza kwa namna yake. Pini huacha kovu kwenye kitako cha ganda, na kipande kinacholing'oa ganda huacha kovu jingine. Ndicho kile mtaalamu wa DCI anachokieleza kwa sauti ya upole mbele ya hakimu: ganda hili na bastola hii ni vya pamoja. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini Aprili 2004 na mataifa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, inataka kila silaha ichapwe alama na iandikwe, ili ijulikane ni ya nchi gani. Bila kumbukumbu, kinachobaki ni moto, kama ule wa Novemba 2016 kule Ngong, ambako silaha haramu 5,250 zilichomwa. Moto huzimaliza, lakini hauelezi zilipitia mikononi mwa nani.

Ukienda Ukasi, Endau au Mutha, ambako wakulima wa Kitui wamegombana mara nyingi na wafugaji wa ngamia juu ya malisho na maji, silaha utakayoiona begani mwa askari ni bunduki ndefu. Bastola haina nafasi kubwa katika nchi ya wazi. Mbali ya mita 25 hivi, wengi hawampati wanayemlenga. Bastola ni ya mjini: kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, kwa mpelelezi asiyevaa sare, kwa tajiri wa Emali au Wote aliyepewa leseni chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Mishale nayo haijaondoka. Mei 2014 Satao, ndovu mwenye pembe za kugusa ardhi, aliuawa Tsavo Mashariki kwa mshale wa sumu, na hakuna aliyesimama hadharani kusema mshale ule ulikuwa na alama ya nani. Bastola na mshale, zote mbili hufichika kwa urahisi. Bunduki ndefu huonekana ikija. Bastola huonekana ikiwa imekwisha kutolewa.

Kwa sababu hiyo naamini sehemu ya mwisho ya bastola haiko kwenye chuma. Iko katika Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011. Hapo pameandikwa kwamba afisa atatumia silaha ya moto pale tu njia nyepesi zisipotosha, na kwa makusudi kama vile kuokoa maisha yake au ya mwingine. Kwamba atatoa onyo la wazi kwanza, isipokuwa onyo lenyewe litahatarisha maisha. Kwamba kila matumizi yataripotiwa kwa mkubwa wake. Kifo au jeraha kubwa likitokea, IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, lazima ijulishwe. Sheria hiyo ni nzuri. Lakini kama vile mvuto wa kwanza mzito wa Ceska, haina maana kwa mkono usiozoezwa, na risasi za mazoezi zinagharimu pesa ambazo bajeti huzikata kabla ya kitu kingine chochote. Nchi inayotengeneza risasi zake yenyewe Eldoret haina kisingizio cha askari wa Kibwezi au Mwingi kukaa mwaka mzima bila kupiga shabaha hata mara moja.

Na kila kituo kina daftari la kutolea silaha: namba ya bastola, idadi ya risasi, saa ya kuchukua, saa ya kurudisha, saini ya anayetoa na ya anayepokea. Askari wa akiba, mpelelezi, hata OCS mwenyewe, wote wanapaswa kupitia ukurasa huo. Wakili wa familia iliyompoteza mtu kwa risasi na aliombe daftari hilo siku ya kwanza, kabla kurasa hazijapotea. Hakimu naye asiridhike na maelezo ya mdomo kuhusu bastola ilikuwa kwa nani usiku ule, maadamu upo ukurasa wenye saini.